Siku Nilipopona Mbele ya Soko Zima

Mimi si mutu wa haya. Miaka kumi nimeuza salaula pale soko la Kashikishi, kando ya ziwa, nguo ambazo wazungu wanavaa kwanza halafu sisi tunamalizia, na muuza salaula mwenye haya analala njaa. Lakini kuna habari moja ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu jikoni, najifunika uso na kitenge. Nawaelezea ninyi sababu mutaisikia tu kwa watu, na watu wataongeza chumvi, na chumvi ya habari hii inatosha tayari.

Bon. Kifua kikuu kilinishika, kikanikausha mupaka kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili na kubakiza. Dawa za kliniki ni bure, nashukuru, ila hakuna anayekuambia kwamba dawa ni bure lakini njaa ambayo dawa zinaamusha si bure hata kidogo. Nesi akaniambia, "Mama Kyungu, kula mayai, kula kunde, kula samaki, kula karanga." Nikamuuliza kama hayo nayo yanatolewa kwenye dirisha la dawa. Akacheka. Mimi sikucheka, sababu meza yangu ya sokoni ilikuwa imefungwa miezi mitatu, pesa ya kununua balo jipya la nguo tulikuwa tumeshaikula, na nilikuwa na watoto wawili (baba yao alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi, na naona bado anaitafuta).

Mwanzoni sikuweza kusimama vizuri, kwa hiyo nilitembea na fimbo. Na hapo nikagundua kitu: wauzaji wakiiona fimbo, bei inashuka yenyewe, mimi sijafungua hata mudomo. Mama wa nyanya anakuongezea mbili, mama wa mayai anasahau kuhesabu moja. Mimi niliyebishana bei tangu utoto sikuwahi kuona mubishi hodari kama ule muti.

Mwezi wa nne wa dawa nguvu zikarudi. Nyumbani nilikuwa natwanga, nachota maji, nafukuza watoto uwanja muzima. Asubuhi moja nikafika mulangoni kwenda soko bila fimbo, nikasimama, nikapiga hesabu ya chakula cha siku: na fimbo, kwacha ishirini na tano, bila fimbo, arobaini. Nikahesabu tena, ikatoka vilevile. Nikarudi ndani kuichukua. Ndiyo hapo, ndugu zangu. Kila kitu kilianzia hapo.

Aliyenihurumia kuliko wote alikuwa Bana Mwila (yaani mama ya Mwila, ndivyo Wabemba wanavyoitana), muuzaji wa chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Bwana yake, Bashi Mwila, muvuvi, alikuwa ameshikwa na ugonjwa uleule wangu, mwezi wa pili wa dawa, kwa hiyo huruma yake ilitoka mbali. Ananijazia kipimo, halafu anatupia mbasela, ile nyongeza ya muuzaji, konzi moja, halafu konzi ya pili. "Hii ya kumezea dawa, mukwai," ananiambia kwa heshima. Kisha ananiuliza polepole, "Na yeye atasimama, sindiyo?" Na mimi naegemea fimbo zaidi kidogo, nakohoa kikohozi kidogo (cha bei nafuu), nasema, "Tuombe Mungu, mama."

Basi, siku moja ya posho, Jumamosi, nilikuwa mbele yake pale ufukweni anapouzia, nafungua fundo la kitenge nitoe pesa, upepo ukapita kuelekea ziwani, noti ya kwacha mia moja ikaruka. Mia moja! Sikufikiri. Nilitupa fimbo, nikaruka mikeka ya chisense iliyoanikwa, nikaruka kamba ya mutumbwi, nikapita katikati ya vijana wawili waliobeba sanduku la barafu, nikaingia maji mupaka kiunoni, nikaikamata noti kwa mikono miwili kama mutu anayekamata kuku. Nikageuka.

Bandari yote inaniangalia. Fimbo yangu imelala kwenye muchanga mbele ya Bana Mwila, na Bana Mwila amepiga magoti, machozi yanamushuka.

"Lesa wangu! Mungu wangu! Ametembea!"

"Ametembea wapi, mama," akasema kijana mumoja wa barafu, "yule amekimbia kushinda mbuzi."

"Muujiza!" akapiga kelele mutu nyuma. Na wengine wakaitikia.

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa pale, maneno matano tu. Lakini mukononi nilikuwa na noti inayochuruzika maji, na mbele yangu walisimama wote niliokula nyongeza zao mwezi muzima. Nikasema, "Amina."

Kesho yake, siku ya Mungu, kanisani, Pasta akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nilikuwa nimeutengeneza usiwe na uongo hata mumoja: "Nilikuwa mugonjwa, sasa niko muzima." Makofi, ngoma, vigelegele. Nilikuwa nageuka kurudi kukaa wakati Bashi Mwila alisimama. Kwa kweli alisimamishwa, bibi yake amemushika kiuno. Alikonda kama nilivyokonda mimi. Wakaja mupaka mbele, akaweka mufuko wa plastiki juu ya meza ya Pasta, na ndani nikaona vidonge ninavyovijua kama watoto wangu.

"Tangu jana hajameza," akasema Bana Mwila, uso unang'aa.

"Hizi dawa zinanitapisha," akasema Bashi Mwila. "Zinanichosha. Huyu mama, Mungu alimusimamisha kwa dakika moja. Mimi pia nataka njia ile."

Pasta akasema, "Baba, dawa nayo inatoka kwa Mungu, chukua dawa zako." Lakini nani anamusikia pasta wakati muujiza mwenyewe amesimama pembeni amevaa viatu?

Nesi alikuwa ameniambia mara nyingi: ukiacha katikati, ugonjwa unarudi na hasira, na dawa zinaweza kushindwa. Nikauangalia ule mufuko. Nikamwangalia yule baba, mifupa ya mabega inataka kutoboa shati. Nikarudi mupaka kwenye meza.

"Bashi Mwila, usiache dawa."

"Sababu gani?"

"Sababu mimi sikuacha. Nimemeza kila siku, miezi minne."

"Na Mungu?"

"Mungu alinikuta nameza." Nikavuta pumzi. "Nilikuwa nimepona mwezi uliopita. Ile fimbo niliibeba juu ya bei tu, ili ishuke."

Halafu, kutoka nyuma, sauti ya mama wa nyanya: "Na nyanya zangu?"

"Na nyanya, mama."

"Na mayai?" akauliza mwingine.

"Na mayai."

"Yule kuku wangu uliyemushusha nusu bei ukisema ni chakula chako cha mwisho?"

"Na kuku."

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Kwaya ilicheka, mupiga ngoma akaipiga ngoma mara moja kama kutia nukta. Kicheko ningekibeba. Lakini Bana Mwila hakucheka. Alichukua mufuko mezani, akahesabu vidonge kwenye kiganja cha bwana yake, akaomba maji ya Pasta. Bashi Mwila akanigeukia.

"Wewe hukutapika?"

"Nilitapika mupaka kwenye viatu vya nesi."

"Na ukameza tena?"

"Nikameza tena, baba."

Akameza. Bana Mwila alipopita karibu nami akasema chini, mimi peke yangu nikasikia: "Zile mbasela nilikuwa natoa kwenye chakula cha watoto wangu."

Nilipofungua meza tena, kwa balo la mukopo, nguo za kwanza nilizochagua ni gauni mbili za watoto, nikamupelekea. Akauliza, "Bei ngapi?" Nikamwambia hakuna bei, mukwai, ni zawadi. "Nimeuliza bei." Nikashikwa na woga, nikataja sitini, ile bei ya wazimu ambayo sisi wote tunaanza nayo ili mwenzako apige kelele. Akatoa sitini, akaniwekea mukononi, akaendelea kupanga samaki. Kwetu Kashikishi, anayelipa bei ya kwanza bila kubishana ni mugeni, ama ni mutu ambaye hataki kukaa na wewe hata ule muda wa kubishana. Na yeye si mugeni. Pesa ile iliniunguza kuliko homa.

Bashi Mwila alimaliza dawa zake zote, amerudi ziwani, ananisalimia kwa nguvu. Bibi yake pia ananisalimia, vizuri sana, kama unavyosalimia karani wa biro ya serikali. Na mimi nimeapa: ugonjwa ukitoka, nautangaza siku ileile, hata kama bei ya mayai itaniua. Mutu akiniuliza hali, nasema muzima, hata kichwa kinaponigonga.

Juzi Bana Mwila alisimama kwenye meza yangu, akashika soksi za mutoto. Nikamutajia themanini, makusudi kabisa, nikangoja aniite mwizi. Akaziangalia, akaniangalia, mudomo ukatikisika kidogo. Halafu akaziweka chini taratibu, akaenda kwa jirani yangu, na kule nikamusikia anabishana, anacheka, anapiga meza, nusu saa nzima, juu ya soksi za kwacha kumi.