Maneno ya Muganga Mzungu

Ule ulikuwa mwaka wa sombe bila chumvi. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Uvira, na sisi wa Makobola tulimeza majani matupu ya muhogo yaliyonuka moshi. Hata leo nikisikia harufu ile, wivu unanipanda kooni. Nawaambia ninyi tu.

Mdogo wangu Esta alikuwa amerudi kutoka kwa shangazi yetu Kigoma, Kingereza kimemjaa mdomoni. Shangazi alimchukua yeye, akaniacha miye kwa sababu nilijua kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kazi nzuri ikaninyima shule! Tena kwetu mtoto wa kwanza ndiye humsemea mama mbele ya wageni. Lakini alipokuja muganga mwanamke wa Kizungu, asiyejua ila Kingereza, mama akamsukuma Esta mbele. Miye nikabaki nyuma na beseni.

Siku moja muganga alimpima mtoto wetu mchanga, mwenye homa ya wiki nzima, akasema neno huku anatabasamu. Esta akageuka:

"Mama, anasema mtoto ametoka msituni. Ni vile wanasema hatari ikipita. Atapona."

Wanawake wakapiga vigelegele. "Esta, weye iko na akili!" Esta, Esta! Moyo ukaniwaka.

Njiani nikamwambia mama: "Anakudanganya. Mtoto wa kunyonya alienda msituni lini? Muganga amesema atakufa."

Mama akaniamini, miye mkubwa. Siku tatu hakula, hakumlaza mtoto chini, akamshika mpaka mikono ikavimba, na mtoto mwenyewe ananyonya, anacheka. Esta aliapa na kulia. Mama akamfukuza jikoni. Siku ya nne muganga akarudi, akamrusha mtoto juu kwa furaha. Mama akanitazama tu. Fimbo ningeisahau.

Nilipokesha na homa za watoto wangu mwenyewe ndipo nikajua siku tatu zile zilikuwa na urefu gani.

Jioni ya siku ile ya nne Esta alinifuata ziwani. "Yaya, dada yangu mkubwa, kuja nikufundishe. Misemo yao iko mingi."

Nikamjibu: "Sifundishwi na mtoto niliyembeba mgongoni."

Juzi alinitembelea hapa Uvira, bibi kizee kama miye, na daftari la mjukuu wake.

"Yaya, ungali na macho. Kuja basi, nikufundishe."

Nikamvutia kiti kizuri. Nikampakulia samaki, mukeke mnono kuliko wote, nikamtolea miiba kwa vidole vyangu. Halafu nikamwambia: "Sifundishwi na mtoto niliyembeba mgongoni."