Miche Elfu Moja na Tisa

Mume wangu Barnaba ni mtu wa kuhesabu. Hata mboga nikichuma, atauliza majani ni mangapi. Mwaka wa sitini na tano alikuwa akinyunyizia miche maji kitaluni pale Isecheno, Mzungu akaondoka, akaja mtu wetu kuwa Bwana Misitu, Philemon, mwenye viatu vinavyolia.

Huyo Philemon alitafuta nyapara. Nyapara hupewa nyumba ya mabati, na yetu ya nyasi ilikuwa ikivuja mpaka kitandani. Wafanyakazi watatu, Barnaba akiwa mmoja wao, wakapewa, kila mmoja, miche elfu moja na tisa kwenye mikebe, wakatia sahihi. "Ipangeni kwa mistari iliyo sawa, usibaki hata mmoja. Jumatatu nahesabu."

Barnaba akapanga mistari miwili, ukabaki mmoja. Mitatu, mmoja. Minne, mmoja. Mitano ikabakisha minne, akafurahi akidhani anakaribia. Sita, saba, minane, tisa: mmoja, mmoja, mmoja, mmoja!

"Mama Navalayo, hii miche imelogwa."

"Umelogwa wewe! Si utupe mmoja?"

"Nilitia sahihi."

"Sahihi itaziba paa?"

Alhamisi nikachoka kabisa. Alipokwenda mtoni kuoga, nikachukua mche mmoja nikauficha kwenye kunde zangu. Akarudi, akajaribu mistari kumi na miwili. Loo! Themanini na minne kila mstari, sawasawa! Akaniimbia, akanishika kiuno mchana kweupe. Kisha, ole wangu, akahesabu yote tena. Akaketi chini, kichwa mikononi. Sikustahimili, nikaenda kwenye kunde nikaurudisha. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi ya kofi.

Jumapili, tukitoka kanisani, akasema, "Kuna mpango sijaujaribu. Mstari mmoja."

Nilidhani jua limempiga. Mstari ulianza kitaluni, ukavuka barabara, ukaingia jikoni kwangu kati ya mafiga na mtungi, ukatokea nyuma, ukaishia mlangoni pa choo cha Bwana Misitu. Kuku wangu walisusia kutaga.

Jumatatu Philemon akaufuata akihesabu, akainama kuingia jikoni, moshi ukamtoa machozi. Alipofika mwisho akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo ni namba tasa," akasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilijua tangu mwanzo. Wenzako wana mistari mizuri sana, ila kila mmoja ana miche elfu moja na minane. Mmoja anasema mbuzi amekula, mwingine hajui lolote. Nyumba ni yako, nyapara." Kisha akamkazia macho. "Lakini sema kweli, hakuna aliyekushauri upunguze mmoja?"

Barnaba akanitazama nilipokuwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi.

"Hakuna, Bwana."

Barnaba huyo, ambaye kuku wa jirani akitagia kwetu, hurudisha yai! Nikageukia sufuria upesi, wasione ninavyolia.