Ng'ombe wa Magurudumu Manne

Mwaka 2015 nilipata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, nikakataa katakata kulinunulia matairi ya baridi, yale yenye meno ya kung'ata theluji. Washauri walinijaa masikioni. Shemeji yangu wa Louisville, ambako theluji huyeyuka kabla chai haijapoa, alinihakikishia kwa simu: "Bon, shemeji, gari ya kuvuta na miguu yote ni kama ng'ombe. Haiwezi kuanguka." Kaka yangu wa Columbus akasema nifunge mawili tu, ya mbele, maana nyuma hufuata. Hakuna kati yao aliyewahi kufukua gari kwenye theluji kwa koleo kama sisi wa Buffalo.

Mke wangu, aliyekua akichunga ng'ombe milimani Kivu Kusini, alisikiliza yote, kisha akauliza: "Donc, nyinyi ng'ombe mulimuona wapi? Ku sahani?"

Nilimwambia gari si mambo ya zizi.

Theluji ya kwanza ilitukuta mtaani Black Rock, Jumamosi, tukitoka mazoezi ya kwaya. Nilikanyaga breki. Gari likaendelea na safari yake, polepole, kwa heshima zote, likapita taa nyekundu, likakata kona ambayo mimi sikuikata, likaingia uwanja wa duka la matairi na kuegemea rundo la matairi ya baridi.

Muuzaji akatoka, akagonga kioo. "Mawili au manne?"

"Manne," akajibu mke wangu. Kisha akanigeukia. "Ng'ombe akisikia kiu, hamuulizi mchungaji njia ya mtoni."