Nilipima Dawa ya Mama Mkwe

Jamani, msijaribu kupima dawa ya mama mkwe wenu.

Mnajua nafanya kazi maabara, tunachunguza miti shamba. Wiki hii nilipima kimyakimya ile dawa ya magoti ambayo mama mkwe huwachemshia wamama wa kanisa hapa Kinoo.

Nikapata ina tembe za steroidi, zile dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, zimesagwa.

Leo nimekuja kumwambia polepole. Kumbe amewaita wamama wote!

Akanishika mkono. "Huyu ndiye mtaalamu wetu. Waambie, dawa yangu si ni safi?"

Nikamvuta jikoni. "Mama, kuna tembe humo."

Hata hakushtuka. "Naweka mwenyewe. Kwani ulidhani mizizi ndiyo inawanyoosha magoti?"

Tukarudi. Wamama wananitazama, vikombe mkononi. Mmoja ana ugonjwa wa sukari, namjua, na tembe hizo huipandisha.

Nikasema yote. Nikawaomba twende hospitali leo leo, maana hata kuiacha ghafla ni hatari.

Mama akaangua kilio, nami nikakimbia.

Sasa niko chooni, nimejifungia. Mume wangu anagonga: "Mama analia. Toka useme ulikosea."

Sikukosea.

Nyinyi mngetoka mseme nini?