Maji Yote Yale kwa Mkono Mmoja

Odeta alikuwa na kovu pana kwenye mkono wa kushoto, limekunjamana kama karatasi iliyonyeshewa mvua. Mtu akimuuliza lilitokana na nini, hakusema moto. Alisema, "Hili ni la dawa," kisha akaendelea na kazi yake, akamwacha muulizaji akitafuta maana mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kukaanga mapanki pale Kirumba, jirani na mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki. Miaka ile ya tisini viwanda vya samaki vilikuwa vimeota kando ya ziwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na wenye mji wakabakiwa na vichwa na mifupa iliyosazwa nyama kidogo. Hayo ndiyo mapanki. Wanawake waliyanunua, wakayakaanga kwenye makarai mapana, na watu wengi wa Mwanza walikula kutoka kwenye makarai hayo. Lakini panki likiingia na maji kwenye mafuta yanayochemka, mafuta yanaruka. Hakukuwa na mkaangaji asiye na alama ya moto, na hakukuwa na mkaangaji asiye na dawa yake ya moto. Huyu alisema majivu, yule unga wa muhogo, mwingine mafuta ya taa. Maduka nayo yalikuwa yamefurika bidhaa baada ya miaka mingi ya rafu tupu, na dawa ya meno, ambayo zamani ilipatikana kwa kujuana, sasa ilikuwa ya kila rangi. Wengi wakahamia kwenye hiyo.

Siku Odeta alipoungua, alishikwa na wote kwa pamoja. Rafiki yake Paskazia, waliyekaa naye makarai yakikaribiana, alimpaka dawa ya meno mkono mzima. "Unasikia inavyopoza? Hiyo ina minti, mama!" Mwingine akaongeza ute wa yai. Wa tatu akatoa manyoya ya sungura kwenye kikaratasi, akayabandika juu yake mpaka mkono ukafanana na mnyama. Kwa kweli ulipoa. Ulipoa mpaka jioni. Halafu ukaanza kuwaka kwa ndani, ukavimba, ukatoa maji, na siku zilizofuata ukatoa harufu ambayo mumewe Mihayo alijifanya haisikii.

Kwenye zahanati alimkuta nesi mmoja aitwaye Achola, mama wa Kijaluo kutoka pwani ya Mara, asiyependa maneno mengi. Achola aliloweka mkono ule, akachukua kibano, akaanza kung'oa manyoya moja moja kutoka kwenye kidonda. Odeta hakulia alipoungua. Siku ile alilia.

"Moto uliokupata ulikuwa mdogo," Achola alimwambia akifunga bandeji. "Ungemwagia maji safi ya baridi, ukafunika kitambaa safi, leo ungekuwa kwenye karai lako."

"Maji tu, sista?"

"Maji tu. Lakini si kuchovya na kutoa. Yapite juu yake muda mrefu, kama mtu anayechambua mchele wa nyumba nzima bila haraka. Malengelenge usiyapasue. Na moto ukiwa mkubwa, au wa usoni, usikae nyumbani kubahatisha, uje."

Odeta alirudi Kirumba na ndoo yenye mfuniko. Kila asubuhi aliijaza maji ya bomba, akaiweka karibu na karai, na hakuruhusu mtu anawie mikono humo. Wenzake walimcheka. "Odeta amefungua kanisa," walisema, "anabatiza walioungua." Yeye aliwajibu bila kugeuka, "Chekeni. Ndoo hii haiondoki hapa." Aliyeungua akikubali, Odeta alimshika mkono na kummwagia. Aliyekataa alimwacha na majivu yake. Alishaamua kwamba mkono wake hautakuwa tena ukuta wa kubandika kila kitu, na hilo lilimtosha.

Mtihani wenyewe ulimfuata nyumbani.

Waliishi Kitangiri, juu kabisa kwenye mawe, mahali ambapo nyumba zimejibana kati ya majabali na maji hayapandi. Kila ndoo ilichotwa kwenye bomba la chini na kupandishwa kichwani. Msimu ule mama yake Mihayo, Milembe, alikuwa amekuja kutoka Magu na mchele mpya na chupa ya asali, kuwaona wajukuu. Kule kijijini kwake Milembe ndiye aliyeitwa mtoto akiungua. Alikuwa na kifuko cha ngozi ambacho hakikukaa mbali naye, na watu walimheshimu kwa sababu hakumwomba mtu chochote kwa tiba yake.

Asubuhi moja uji ulikuwa umeepuliwa. Evelina, binti wa Odeta, alikuwa na miaka sita na hakujua kusubiri. Alivuta sufuria, ikainama, na uji ukamwagika juu ya kiganja chake. Kilio chake kilifika kwa majirani. Odeta alimnyakua, akaufuta uji kwa haraka, akamvua bangili ya shanga kabla mkono haujavimba, akatumbukiza kikombe kwenye ndoo na kuanza kumwaga.

Milembe alitoka ndani akiwa na kifuko mkononi. "Mlete huku, mayu," alimwita mama kwa Kisukuma. "Yai lipo?"

"Yai lipo, mama, ila la kula."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. Alichuchumaa, akafungua kifuko, na manyoya ya kijivu yakaonekana. "Mtoto anaungua ndani, na wewe unacheza na maji. Maji yanautia moto ndani ya nyama! Hayo yatamtoa malengelenge mwili mzima."

"Malengelenge yanatoka kwa uji, mama. Samahani, nakuheshimu, lakini manyoya hayo hayamgusi mwanangu."

Majirani walishajaa mlangoni. Mmoja alitikisa kichwa akitazama maji yakitiririka kwenye jabali na kupotea. "Maji yote haya ya kupandisha mlimani, kwa mkono mmoja?" Odeta alimaliza ndoo ya kwanza, akavuta ya pili. Evelina alikuwa amepunguza kulia. Kila kikombe kilipokwisha alianza tena, na kingine kilipomwagika alinyamaza.

Mihayo alirudi kutoka kwenye injini za mitumbwi alizokuwa akitengeneza ufukweni, kwa kuwa mtu alikuwa amemkimbilia na habari. Mama yake alimgeukia kabla hajavuta pumzi. "Mwambie mkeo. Wewe mwenyewe uliungua mguu ukiwa mdogo, nani alikutibu?"

"Wewe, mama."

"Ulikufa?"

Mihayo alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. "Mama Evelina," alisema taratibu, "tumwachie bibi kidogo tu. Kwani kuna ubaya gani?"

Odeta hakuacha kumwaga. Alipandisha mkono wa gauni kwa meno, kovu likaonekana lote. "Ubaya ni huu. Wewe ulilala nao kitanda kimoja, ukajifanya huna pua. Kama unataka yabandikwe, njoo unishike mikono yote miwili mbele ya watu hawa, maana kwa hiari sitoki hapa."

Milembe alifunga kifuko chake. "Likimpata lolote mtoto huyu," alisema, "ni juu yako."

"Ni juu yangu, mama. Wasikie wote."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Lakini hakuwa na uhakika wa kila kitu. Alichokuwa nacho ni maneno ya nesi na mkono wake mwenyewe. Alimwaga mpaka Evelina akaanza kuuliza uji mwingine uko wapi, akafunika kiganja kwa kanga safi iliyokuwa imepigwa pasi, akambeba kwenda zahanati.

Achola aliufunua mkono, akaugeuza. "Umefanya vizuri. Moto umeishia juu." Odeta akatazama chini, kisha akauliza swali ambalo hakutaka kuuliza. Mkwe wake alikuwa pia na asali. Nayo ni takataka kama yale mengine?

"Asali? Hapana. Asali safi inasaidia kidonda kidogo kufunga. Ila baada ya maji, si badala ya maji. Na isichanganywe na manyoya."

Odeta alipanda mlima akiwa amenuna. Ingekuwa rahisi zaidi kama bibi angekuwa amekosea yote. Alimkuta Milembe ameketi kwenye jabali, mgongo kwa mlango, hajala. Odeta alimweka mtoto chini, akapiga magoti kama inavyompasa mkwe.

"Mama, asali yako naiomba. Nesi amesema inafaa."

"Na manyoya?"

"Manyoya hapana. Leo hapana, na kesho hapana."

Bibi aliingia ndani, akarudi na chupa, akaiweka kati yao bila kumkabidhi mkononi. "Usiweke nyingi," alisema. "Inavutia sisimizi."

Kiganja kilipona, kikabaki na weupe kidogo ambao baadaye nao ulififia. Milembe alirudi Magu, na haikuchukua muda Odeta akasikia kwamba huko anasimulia jinsi asali yake ilivyomwokoa mjukuu baada ya mama yake kutaka kumzamisha. Mihayo alitaka kutuma neno kurekebisha. Odeta alimkataza.

"Mwache aseme. Siku wakimletea mtoto aliyeungua, atakumbuka pia yale maji."

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya jua kuchomoza juu ya majabali, akateremka bombani na ndoo mbili badala ya moja: moja ya Kirumba, na moja ya kubaki nyumbani.