Mume wangu amejiita Mama Nkatha ili auze programu yake

Nificheni jina, maana hata mama mkwe husoma hii page. Nina miaka 31, naishi Kinoru, Meru. Mume wangu ametengeneza programu ya simu ya kukumbusha wajawazito siku za kliniki. Mwanzoni alikuwa akipigia kliniki simu na kutumia watu asiowajua meseji. Wengi walimblock. Nilimhurumia wakati huo. Siku hizi simhurumii hata kidogo.

Mwaka jana nilipoteza ujauzito wa miezi saba. Alikuwa msichana, na kwa desturi yetu angeitwa Nkatha, jina la mama yake mume wangu. Juzi kwa grupu ya WhatsApp ya kina mama wa kanisa, mgeni anayejiita Mama Nkatha akaandika ushuhuda mrefu: vile miguu ilimvimba, vile alipuuza kichwa kuuma akidhani ni uchovu wa kusimama dukani. Hayo ni maneno yangu! Nilimwambia mume wangu peke yake, nikilia. Tofauti ni kwamba yeye, programu ilimkumbusha kliniki, na mtoto wake akaishi. Chini kuna linki ya programu ya mume wangu.

Nilimwekea simu usoni. Hakukana.

"Hiyo ni marketing tu, mpenzi. Nikisema ni app yangu, nani atadownload? Na si nimefanya mtoto aishi?"

Hana haya wala haoni vibaya. Mimi hakuna anayeniita mama fulani, lakini laini yake ya pili ya simu, aliyoandikia ushuhuda huo, inaitwa, tena kwa jina la mtoto wangu. Namchukia, nisiwadanganye.

Sasa wamama wetu wakisikia kuna mtoto, lazima waende kumwona. Wameshanunua leso na kuku, wanamuuliza Mama Nkatha anakaa wapi. Mume wangu, bila aibu, amewajibu atatuma maelekezo, ili waendelee kusifu programu. Jana mwenyekiti wa grupu akanipigia.

"Wewe ndio hupika uji mzuri wa ucuru, Jumamosi utuletee. Na umshike huyo mtoto vizuri, nawe Mungu atakukumbuka."

Nikasema tu sawa.

Nishaurini, wenzangu. Nimwanike mbele ya kanisa zima, kazi yake ife na tulale njaa sote, ama niloweke unga wa uji wa kwenda kumwona mtoto niliyemzika?