Mkata akala alipoacha kuweka chaki kwenye tairi zangu

Wakuu, habari za Jumapili.

Nisomeni taratibu, maana naandika kwa kidole kimoja na miwani niliikalia juzi ikavunjika mguu. Haya ninayosimulia yalinipata mwenyewe, na shahidi yupo hapa sebuleni anakunja nguo. Nikitia chumvi atanisuta.

Jana nilipita kwenye uzi wa kijana mmoja anayeuliza tairi za gari abadilishe lini. Mmemjibu mengi. Wengine mmempa miaka, wengine kilomita, mwingine kamwambia asubiri traffic amsimamishe. Huyo wa mwisho nilimsoma mara mbili, hasira zikanipanda, ndiyo nikaamua kufungua uzi.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya sitini, uhuru bado mbichi, mimi ni kijana wa Kisamia wa Busia upande wa Uganda. Nilikuwa na pickup, second hand, niliyouziwa na mwalimu aliyechoka kuisukuma. Kazi yangu ilikuwa kupakia samaki Majanji ziwani asubuhi na kuwafikisha Tororo kabla hawajaanza kunuka. Barabara ni murram tupu, changarawe na vumbi. Tairi zilikuwa zinaisha kama sabuni.

By then kubadilisha tairi tulikuwa tunaona ni woga. Driver wa kweli anaitumia hadi nyuzi zinachungulia. Zikichungulia anakata kipande cha tairi kuukuu, anakiweka ndani kati ya tairi na tyubu, safari inaendelea. Msicheke, ndivyo tulivyokuwa.

Sasa pale sokoni Busia alikuwepo mzee mmoja anaitwa Wandera. Kazi yake kukata akala, yale makubazi ya tairi ambayo nusu ya mji ilikuwa imeyavaa. Wandera alikuwa na utaratibu wake. Gari likipaki anakuja, anapapasa tairi moja moja kwa kidole gumba. Akikuta iliyobaki meno kidogo anaichora alama kwa chaki pembeni. Maana yake ameibuku, siku ukiitoa usimpe fundi mwingine.

Sisi madriver tulichukulia ile chaki kama matusi. Yaani mtu anachumbia tairi zako ukiwa bado unazitembelea. Ukawa mchezo wa pale stage, tunahesabiana nani amefuta chaki ya Wandera mara nyingi. Mimi nilikuwa nimefuta mara tatu na bado natembea. Nilijiona bingwa.

Siku moja mzee akapita kwenye pickup yangu bila hata kuinama. Wiki iliyofuata vilevile. Nikawatangazia wenzangu kwamba Wandera amesalimu amri. Walininunulia chai na mandazi, nikala nikashiba.

Hapa niwaweke sawa kuhusu jambo lingine, maana ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Kulikuwa na binti anaitwa Athieno, Mjapadhola wa Nagongera, anasomea unesi Tororo. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kupima samaki. Na yeye alinipenda, hilo sina shaka. Tatizo alikuwa baba yake, Mzee Owor.

Mzee Owor alikuwa na kijana wake mkubwa, Okoth, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye lori. Lile lori lilianguka kwenye mteremko wa Osukuru, Okoth akafa. Tangu siku hiyo mzee hakupanda tena gari la mtu yeyote. Akitaka kwenda Tororo anatembea kwa miguu, akichoka anapumzika, anaendelea. Na alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake hamwozi driver.

Athieno alimbembeleza karibu mwaka. Mwishowe mzee akatuma neno: huyo kijana aje peke yake Jumamosi, na aje na hilo gari lake nilione.

Niliposikia gari lake nilione, nikaelewa niwe smart. Nikaenda kwa fundi kushona suti. Gari nikaliosha, nikapaka bodi mafuta ya taa likang'aa.

Alhamisi nikapita sokoni kwa Wandera kununua kamba. Nikamtania, "Mzee, umenyoosha mikono? Siku hizi mbona huniwekei chaki?"

Hakuinua kichwa, alikuwa anakata soli. Akasema, "Wewe nilikuacha. Ile imekwisha sasa, hata mguu ya mtu haifai. Mtu atakanyaga mwiba upite."

Akaendelea kukata.

Wakuu, nilisimama pale na kamba yangu mkononi. Mtu anayeishi kwa kuokoteza tairi zilizokwisha amezikataa zangu, na mimi nilisherehekea kwa mandazi. Kile ambacho hakifai kubeba mguu wa mtu sokoni, mimi nakibebea watu wa lifti kwa mwendo wa kasi. Niliona aibu hata kumuaga.

Nikaenda kwa fundi nikamwomba asishone ile suti, anirudishie pesa ya kitambaa. Nikachanganya na akiba yangu, nikaenda Tororo nikanunua tairi nne mpya. Zilinukia, jamani. Nilivyozifunga nilikuwa nazizunguka kuzitazama kama mama mwenye mapacha.

Zile kuukuu nikamtupia jamaa wa takataka, nikabakiza moja iliyokuwa na nafuu. Nikaifanya spea. Mfuko ulikuwa mtupu, na nikajiambia spea nani ataiangalia.

Jumamosi nikafika Nagongera na shati la kawaida. Mzee Owor akanipokea vizuri, nikapewa kiti, nikapewa uji. Alipomaliza salamu akainuka akaenda kwenye gari. Akazitazama tairi zote nne. Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika. Mimi nyuma yake nilikuwa nishaanza kupanga arusi.

Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Spea nakaa wapi?"

Nikaitoa nyuma, nikaiweka chini kwenye majani. Kipara kitupu, na upande mmoja nyuzi zimeshaanza kutoka.

Mzee akachuchumaa akaitazama muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana, watu nadhani tairi ya lori ilipasuka ikaua Okoth. Hapana. Ile ya kwanza ilipasuka, wakasimama vizuri, hakuna mtu aliumia. Wakatoa, wakaweka spea. Spea ndio iliua yeye."



Akauliza, "Hii ilikuwa chini ya gari lini?"

"Mpaka Alhamisi, mzee."

"Na mtoto yangu ulibeba yeye na hii?"

Hapo ndipo penyewe. Athieno alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ananikodolea macho. Nyumbani walijua anapanda basi kutoka Tororo. Ukweli ni kwamba karibu kila mwisho wa mwezi nilikuwa namleta mimi, namshusha kabla ya senta, pale penye maduka, ili watu wasituone. Nikisema hapana, nimeokoka mimi na yeye. Nikisema ndiyo, nimemchoma, na mimi nimekwisha.

Nilitaka kudanganya. Naapa nilishafungua mdomo. Lakini yule mzee alikuwa bado amechuchumaa, mkono juu ya ile tairi, na nikashindwa.

"Ndiyo, baba. Mara nyingi."

Akasimama, akajifuta mikono. "Basi nenda. Hii acha hapa. Ukipata spea mzuri rudi, tutaongea."

Hakukataa na hakukubali. Nilirudi Busia bila spea, mwendo wa mazishi, nikiomba Mungu kila shimo. Athieno aliniandikia barua yenye mistari miwili tu, kwamba amegombezwa hadi na shangazi zake, na kwamba angenikuta nimedanganya asingeolewa na mimi. Hiyo barua niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Nilipakia samaki kama mwendawazimu. Wiki ya tatu nikarudi Nagongera na tairi ya tano, mpya, bado ina vile vinyweleo vya kiwandani.

Mzee Owor akaiangalia. Akageuka, akaingia ndani. Nikabaki nimesimama uani najua mambo yameharibika, pengine ameenda kuwaita watu wanifukuze.

Akatoka amevaa koti na kofia.

Mnisikilize vizuri hapa, vijana wa siku hizi hamtaelewa. Kwetu Wasamia na kwao pia, mkwe na baba mkwe hawabanani. Heshima inataka nafasi katikati. Na ile pickup ilikuwa na kiti kimoja kirefu cha mbele, bega kwa bega na driver. Nikakimbilia kumtandikia gunia safi huko nyuma.

Akanipita. Akafungua mlango wa mbele, akapanda, akakaa. Mikono akaibana katikati ya magoti.

"Nipeleke Tororo," akasema. "Taratibu."

Nilienda taratibu hata baiskeli zikatupita. Tulipofika mjini alishuka, akazunguka upande wangu, akanishika mkono kupitia dirishani. Akaniambia niwalete wazee wetu. Nikalia palepale, na sioni haya kuandika.

Wakuu, huyo Athieno ndiye shahidi anayekunja nguo hapa. Anasema barua ilikuwa na mistari mitatu, sawa, tusibishane.

Nilichojifunza ni hiki. Usingoje nyuzi. Tairi ibadilishwe ikiwa bado kuna mtu anaitamani, maana siku hata mkata akala ameikataa, wewe umeshachelewa siku nyingi. Na ile spea uliyoificha chini ya mkeka wa buti ihesabu kama tairi ya tano, kwa sababu siku utakayoihitaji ndiyo itakayokuwa imewabeba wote uliowapakia.

Wenye uzoefu wao wa tairi, au wa baba wakwe wagumu, karibuni kwenye comment. Lakini kabla hujaandika, toka nje kwanza ukafungue buti. Ukirudi niambie umekuta nini, na usinidanganye.